Asali ya Mwalimu Pelagia

Mwalimu Pelagia Lugembe alizaliwa Usoke tarehe 3 Machi 1949, kitinda mimba wa Mzee Silasi Lugembe na Mama Anastazia. Bibi yake alipombusu kipajini alishangaa: "Jamani, mtoto huyu ana chumvi!" Watu wakacheka. Kumbe ilikuwa dalili, na hakuna aliyejua.

Alianza shule ya misheni mwaka 1957, akahitimu ualimu mjini Tabora mwaka 1969. Kikohozi hakikumwacha, wala hakunenepa hata ale vipi. Wenzake walivunja ungo wakamwacha nyuma, wakamwita Kabinti. Naye akawajibu, "Kabinti huyu ndiye atakayewafundisha watoto wenu."

Mwaka 1971 kiu ilimzidi. Daktari hakumficha: alizaliwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya jasho kuwa la chumvi kali na makamasi kuwa mazito. Ulikuwa umeharibu mapafu, sasa umefikia kongosho, ukamletea kisukari. Adunge sindano kila siku, ale ashibe, na huenda asizae. Pelagia alimweleza mchumba wake, Alois Masolwa, kila kitu. Alois akasema, "Mimi si mnunuzi wa ng'ombe hata nikague mbavu." Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1972.

Mwaka 1973 walihamia kijiji cha ujamaa, akafundisha watu wazima kusoma, kwenye kivuli cha bani la kukaushia tumbaku. Baba mkwe wake, Mzee Masolwa, mrina asali, aliposikia kisukari alificha asali yote. "Ndiyo iliyomletea maradhi. Asiionje!" Hata ugali akapunguziwa. Asubuhi moja, amekwisha kujidunga sindano, akaanguka katika shamba la kijiji, anatetemeka, jasho linamtoka. Nesi akapiga kelele, "Sukari imeshuka! Leteni kitu kitamu!" Mzee alitimua mbio mwenyewe, akampaka asali ndani ya mashavu. Pelagia akafumbua macho: "Ahsante, baba. Sasa usiifiche tena." Mzee alilia mbele za watu. Akamtengenezea kibuyu kidogo cha asali, na Pelagia hakuingia darasani bila hicho kibuyu shingoni.

Mapafu yalipochoka, mwaka 1975, mama mkwe wake, Apolinaria, alimsihi, "Mwanangu, pumzika basi."

"Mayu, mama yangu, mimi sikujaliwa kuzaa. Ninyi ndio uzao wangu. Sifi mpaka usome."

Akaendelea kufundisha akiwa kitandani, anakohoa, anafuta mdomo, anasema, "Rudia, Mayu." Inauma sana, lakini ndivyo alivyokuwa. Alifariki mjini Tabora tarehe 9 Oktoba 1976.

Ameacha mume, wazazi, wakwe, na darasa zima la wazee kwa vijana.

Siku ya harusi ile, Apolinaria aliweka dole gumba kwenye cheti, maana kalamu hakuijua. Leo ndiye anayewasomea haya, neno kwa neno, bila kusaidiwa.

Pumzika sasa, mwalimu. Mayu amesoma.