Usimhepe Mtoto: Kumkumbuka Waiyego wa Kimumu

Wasikilizaji wapendwa, ketini nami kidogo. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako. Nitaongea polepole.

Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Kimumu, hapa Eldoret. Jina lake Waiyego Njenga. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwa miaka kumi na minne alilea watoto wa wenzake waliokwenda kazini, asubuhi mpaka jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Watoto walimwita Cucu, yaani nyanya. Alifariki Jumapili, wiki mbili zilizopita.

Kituo chake kilikuwa na sheria moja kubwa. Mzazi asimhepe mtoto. Nairudia, maana kila kitu nitakachosema leo kinatoka hapo. Mzazi asimhepe mtoto.

Mnajua tunavyofanya. Mtoto anapewa biskuti, anageuka kuitazama, na mama anapita getini kimyakimya. Wengi wetu tumefanya hivyo. Mtu ana kazi ya kuwahi, na kilio cha mtoto kinauma. Cucu alikataa. Alitaka mzazi achuchumae, amtazame mtoto, aseme maneno mawili tu. La kwanza, ninaenda. La pili, nitarudi baada ya kitu fulani.

Hakutaka mzazi ataje saa. Mtoto wa miaka miwili hajui saa kumi na nusu ni nini. Kwa hiyo Cucu alichora picha kwenye kadibodi, akaitundika mahali watoto wanafikia. Mikono inayonawa. Kikombe cha uji. Mpira. Sahani. Mkeka wa kulala. Kikombe tena. Mwisho, viatu viwili. Siku ilifuata kadibodi, mvua inyeshe au jua liwake. Mama akisema, "Nitarudi baada ya viatu," mtoto alijua mama yuko wapi katika siku yake.

Hakusomea kazi hii chuoni. Alijifunza kwa kukosea.

Mwaka wa 2008, alipokimbia vurugu za baada ya uchaguzi kutoka Burnt Forest, alikaa kambini na mwanawe Wanyoike, aliyekuwa na miaka minne. Siku moja mtoto akiwa amelala, alitoka kupanga foleni ya unga. Hakumwambia. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, mtoto alikuwa amemtafuta kambi nzima, hema kwa hema.

Wanyoike sasa ni kijana mkubwa, fundi wa umeme. Aliniambia hivi: "Sikumbuki moto, sikumbuki safari. Nakumbuka kuamka na yeye hayuko. Mwaka mzima nililala nikiwa nimeshika sketi yake. Alikuwa anapika nayo imevutwa upande."

Basi alipofungua kituo, sheria hiyo ndiyo iliyotangulia, hata kabla ya kununua vikombe.

Si kila mtu aliipenda. Kuna baba mmoja, Kimutai, anayebeba maziwa kwa pikiapu kutoka upande wa Kaptagat. Alileta binti yake wa miaka miwili. Siku ya kwanza alihepa, na siku ya pili akahepa tena. Alikuwa tayari amewasha gari alipomwona Cucu kwenye kioo, anamfuata barabarani na mwiko wa uji mkononi.

"Baba, zima hiyo gari. Hujaaga."

"Cucu, huyu ni mtoto wa miaka miwili. Nimuage kama mheshimiwa anasafiri?"

"Muage. Mimi nangoja hapa."

"Na maziwa yakiharibika?"

"Yakiganda tutafanya mala. Shuka."

Kimutai alishuka. Aliaga. Mtoto alilia, naye akamwambia Cucu, "Si unaona?" Cucu akamjibu, "Amelia akijua ni kwa nini. Jana alilia hadi saa sita, na hakujua." Kimutai mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na alicheka kidogo.

Wasikilizaji wapendwa, kazi hii inachosha. Lorraine, dada aliyemsaidia Cucu kwa miaka sita, aliniambia hivi: "Unafunga zipu ishirini na mbili za sweta. Kesho zimefunguka zote. Unafuta makamasi yaleyale. Kuna siku nilimwambia Cucu, leo turuke kulala, tuwaache wacheze tu. Akaniambia, nimechoka kukushinda, lakini tandika mkeka."

Na kweli alikuwa amechoka. Moyo ulikuwa unamsumbua, na hakusema.

Alhamisi moja, watoto wakiwa wamelala, kifua kilimbana. Wanyoike alikuja na teksi. Lorraine alitaka kuwaamsha watoto waagane naye. Cucu alitazama mkeka, watoto ishirini na wawili, wamelala vizuri. Akasema, "Waache. Nitarudi kabla hawajaamka."

Hakurudi. Mama aliyekataza watu kuhepa watoto, siku hiyo alihepa.

Watoto waliamka. Mmoja wao ni Adongo, msichana wa miaka minne. Alisimama mbele ya kadibodi, akauliza, "Cucu alienda baada ya nini?" Lorraine akamimina uji. Uji wa pili haukunyweka vizuri siku hiyo.

Hospitalini, Wanyoike anasema, mama yake hakuuliza daktari juu ya moyo. Alikuwa anamuuliza yeye: "Waliamka aje? Nani alilia? Nimewahepa, Wanyoike. Nipigie Lorraine."

Ijumaa, baada ya uji wa asubuhi, Lorraine aliweka simu juu ya stuli, sauti ikiwa juu. Watoto walikaa kuizunguka. Cucu alisema, "Watoto wangu, jana nilienda mkiwa mmelala. Nilikosea. Leo naaga. Ninaenda."

Akaishia hapo. Neno la pili hakulisema.

Adongo akauliza, "Utarudi baada ya nini, Cucu?"

Wanyoike alikuwa kando ya kitanda, ameshika simu. Alimnong'oneza mama yake, "Sema baada ya kulala. Ni watoto tu." Mama yake akatikisa kichwa.

"Sijui, Adongo. Nikijua nitakwambia."

"Haya," Adongo akasema.

Jumapili Waiyego Njenga akafariki.

Jumatatu asubuhi wazazi walisimama getini, kila mmoja na mtoto wake mkononi. Walitaka Lorraine awaambie watoto kwamba Cucu amesafiri. Kimutai alisema, "Waambie ameenda Nairobi. Watoto husahau." Alisema kwa upole, akimwonea huruma Lorraine, na sidhani yuko wa kumlaumu.

Lorraine alimwambia, "Kimutai, wewe ndiye ulifuatwa na mwiko."

Kimutai alivua kofia. Siku hiyo aliingia ndani na gambuti zake, akachuchumaa na watoto, maziwa yakiwa kwenye gari.

Lorraine aliwaambia. "Cucu amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hatarudi."

Adongo alitazama kadibodi, picha ya mwisho. "Hata baada ya viatu?"

"Hata baada ya viatu."

Wengine walilia. Wengine hawakuelewa, na mmoja akaomba uji. Lorraine anasema, "Nilimpa. Ilikuwa saa ya uji." Wakaenda nje. Wakala. Wakalala. Jioni, Adongo alishika viatu vyake, akasimama navyo. Akauliza, "Hivi bado tuvae?"

"Vaa, mama. Mama yako anakuja."

Na mama yake akaja.

Kituo kile cha Kimumu bado kiko wazi. Kadibodi haijatolewa ukutani. Kwa Wanyoike, kwa jamaa zake walioko Burnt Forest, kwa Lorraine, na kwa watoto wale ishirini na wawili, sisi hapa redioni tunasema poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nawe uliyesikiliza, kesho asubuhi utakuwa mlangoni, ufunguo mkononi, umechelewa. Chuchumaa kwanza. Sema unaenda. Kama unajua utarudi baada ya nini, sema. Kama hujui, sema hujui.