Mama Mfuniko Anatuachia Majiko ya Watu

Baada ya miaka thelathini na moja katika kitengo cha ruzuku ya kaya maskini na lishe ya watoto, afisa wetu anayejulikana na kila mtu kama Mama Mfuniko anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wahariri wa jarida hili wamenipa mimi kazi ya kumsifu. Wamenionea, maana nimemwonea wivu tangu siku tuliyokalishwa meza moja.

Jina alilipatia kazini. Wengine tukifika kwenye kaya tunakaa sebuleni, tunauliza maswali, tunajibiwa tunachotaka kusikia. Yeye hupiga hodi, husalimia wakubwa, kisha huyo mpaka jikoni, anafunua sufuria. Akikuta uji mweupe mtupu, hagombi. Anavuta kigoda, anachambua mboga pamoja na mama wa mtoto, na kabla mboga hazijaiva ameshajua ruzuku inaishia wapi na yai analila nani.

Mimi niliwahi kujaribu. Mama mkwe wa nyumba niliyoingia alininyang'anya mfuniko, akafunika sufuria yake, akaniuliza kama kwetu wageni hujipakulia. Habari hiyo ilifika ofisini kabla yangu, na Mama Mfuniko alicheka mpaka akafuta machozi. Sijamsamehe.

Niseme nini tena? Eneo lake limepunguza utapiamlo kuliko maeneo yetu yote. Mabango ya rangi ya kufundisha lishe niliyachora mimi. Kina mama wakayatumia kuzibia madirisha, wakamsikiliza yeye. Watoto wanaoangua kilio wakiniona na mizani ya kuning'iniza, kwake hubembea humo wakicheka. Inauma, jamani.

Sasa eneo hilo nimepewa mimi. Wiki iliyopita alinipeleka kwa bibi mmoja anayelea mjukuu ambaye mashavu yake ndiyo kwanza yameanza kujaa. Bibi alimfunulia sufuria bila kuombwa. Niliposogea nami, akaifunika. Mama Mfuniko alimwambia kwa upole kwamba mimi ni mdogo wake, anizoee tu. Bibi alinitazama juu mpaka chini, akasema ataona.

Dada, pumzika, hudumia bustani yako, lala mpaka usingizi ukuchoke. Sote tunakushukuru, na tunakuombea afya na siku nyingi za furaha. Ila Jumatatu nakwenda kwa yule bibi peke yangu, na mtoto bado hajafikisha uzito. Tafadhali, simu usizime.