Bibi Kwangua na Bata Asiye na Kichwa

Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Asubuhi ilikuwa na mawingu mazito na upepo wa baridi, lakini mvua haikunyesha. Leo, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa kitengo chetu cha upimaji wa vyombo vya nyumbani na bidhaa za watoto anastaafu rasmi. Kwenye mafaili ana jina kamili na cheo kirefu. Kwenye korido, ghalani na hata getini anaitwa Bibi Kwangua. Mwenyewe anajua, ingawa miaka yote hiyo amejifanya hasikii.

Kwa wageni wetu wa leo, tueleze kidogo kazi yenyewe. Kila sahani, kikombe, mdoli au kitanda cha mtoto kinachotaka kuingia sokoni hupita kwanza kwetu. Rangi yake tunaikwangua, tunaiyeyusha kwenye tindikali na kuilisha mashine. Vyombo vya chakula tunavimiminia siki, tunaviacha kutwa nzima na usiku kucha, kisha tunapima siki hiyo imenyonya nini. Tunatafuta madini ya risasi, kadimi na ndugu zao, ambayo hayanuki wala hayamwashi mtoto ulimi, lakini yakishaingia mwilini yanakwenda kuchezea ubongo. Chombo kikifaulu, hubandikwa alama yetu chini ya kitako, na ndani ya alama hiyo mna namba ya aliyekipima. Namba ya Bibi Kwangua ni saba.

Aliingia hapa akiwa binti mwembamba mwenye stashahada na ulimi. Elimu aliiongeza baadaye kwa masomo ya jioni. Ulimi haukuhitaji nyongeza. Alipanda kutoka mpimaji msaidizi hadi mkuu wa kitengo bila kumwamkia mtu mara mbili, na waliomtangulia walistaafu wakishukuru kwamba wanakwenda mahali ambako hatawafuata.

Jina lake alilichuma kwa jasho. Hakuna rangi iliyopita mbele yake ikabaki salama. Alikwangua mlango wa ofisi ya Mkurugenzi siku ya pili baada ya kupakwa rangi, tena Mkurugenzi akiwa ndani na wageni. Alikwangua kalamu ya mkaguzi aliyekuja kutukagua, akamrudishia pamoja na majibu. Amealikwa kwenye harusi nyingi, kila ukoo mara moja tu, kwa sababu huwa hali mpaka ageuze sahani aone chini imeandikwa nini. Mdogo wake alipofunga ndoa, zawadi zote zilipitia meza ya dada mtu kwanza. Seti ya vikombe vya maua mekundu haikuonekana tena, na shangazi aliyeitoa hajamsemesha hadi leo.

Mafanikio yake ni mengi na yapo ukutani kwenye fremu. Ni yeye aliyezuia shehena ya vitanda vya watoto vilivyong'aa kama peremende. Ni yeye aliyewafanya watengenezaji wa masufuria wa mtaani waache kuyeyusha betri chakavu pamoja na bati, na alifanya hivyo kwa kwenda kukaa nao kwenye vumbi wiki nzima akiwatukana kwa upole. Tungeweza kuendelea, lakini mwenyewe angesema tunapoteza karatasi.

Tuje kwenye jambo ambalo kila mtu ukumbini analijua na hakuna aliyeliweka kwenye ratiba.

Kwa miaka mingi sampuli zetu zililetwa na mwenye mzigo mwenyewe. Yaani mtu anayetaka kuuza mabakuli elfu kadhaa alijichagulia matano, akayafunga vizuri, akatuletea tupime. Ni sawa na mwanafunzi kujitungia mtihani, kujisimamia na kutuomba sisi tuweke alama ya vema. Hatukuliona hilo, kwa sababu tulikuwa tumeinamia mashine. Bibi Kwangua naye, aliyemshuku kila mtu hadi shangazi yake, hakuwahi kulishuku boksi lililofika mezani kwake kupitia mapokezi.

Muagizaji mmoja alikuwa hodari zaidi katika mtindo huo. Tulimwita Mjomba, kwa sababu alijua watoto wa kila mtu wako darasa la ngapi, na hakuja bila kreti ya soda. Mwaka jana alileta mabakuli ya kulishia watoto, meupe, yenye bata wa njano aliyechorwa ndani kabisa, ili mtoto amalize uji amwone. Bibi Kwangua aliyapima kama kawaida yake, bila huruma. Yalikuwa safi. Yakabandikwa namba saba, yakaenda madukani, yakauzwa kama maji.

Mwaka huu binti wa mwisho wa Bibi Kwangua alikuwa na mtoto anayeota meno. Bibi wa mtoto kwa upande wa baba alinunua bakuli la bata na kulikabidhi kwa madaha, akimwonyesha kila mtu alama ya chini, kwamba hili limepimwa na mkwe wetu mwenyewe. Kila zawadi iliyoingia nyumba ile ilikwanguliwa. Hilo halikukwanguliwa. Lilikuwa na namba yake. Angeanzaje kujikagua mwenyewe?

Miezi miwili baadaye alikuwa akimlisha mjukuu. Uji ukaisha, bata akatokea, na bata hakuwa na kichwa.

Binti yake ametusimulia kwamba mama aliacha kijiko hewani mpaka mtoto akaanza kulia. Akauliza, "Kichwa kiko wapi?" Binti akadhani anatania, akamjibu, "Si huyo hapo kakila, mama!"

Asubuhi iliyofuata bakuli lilikuwa mezani kwetu. Rangi ya njano ilikuwa imejaa risasi kiasi kwamba mashine ilibidi isafishwe kabla ya kupima kitu kingine. Akatoka na mkoba wa sokoni, akanunua mengine kwenye maduka mbalimbali kwa fedha zake. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Mjomba alikuwa ametuletea bata mmoja na kuwauzia wazazi mwingine. Mtoto akatolewa damu hospitali, na majibu yakawa yale ambayo Bibi Kwangua alikuwa ameshayajua tangu kijiko kilipokuwa hewani.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi kuomba mabakuli yaondolewe madukani na itangazwe wazi kwamba namba saba imekosea. Mlango wa ofisi ile hauzuii sauti. Pengine ni kwa sababu ulikwanguliwa.

"Mama, tusikurupuke," tulimsikia Mkurugenzi. "Umebakiza miezi miwili. Kwa nini ujipake matope mwenyewe? Ondoka na heshima yako."

"Heshima yangu imebandikwa kwenye kitako cha bakuli, Mkurugenzi, na mjukuu wangu ameilamba."

Mkurugenzi aliunda kamati. Kamati ikaomba mashine ihakikiwe. Ikahakikiwa, ikaonekana nzima, na kamati ikaomba mhakiki naye ahakikiwe. Mjomba alikuja na kreti mbili, akasema kwa uchungu, "Dada, hizo ni feki, mimi pia ni mhanga." Bibi Kwangua akamwomba afungue stoo yake tuone. Ufunguo ulikuwa na mtu aliyesafiri. Wakati huo wote mabakuli yaliendelea kuuzwa, tena kwa punguzo, na siku yake ya kuondoka ilikuwa inasogea. Sote tulielewa hesabu ya wakubwa: akishaondoka, namba saba itafutwa, na aibu itaondoka naye kwenye mkoba.

Hapo ndipo kamati ya kumuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani. Tulitegemea kusikia friji. Akasema hataki kitu cha kununuliwa. Anataka Jumatatu kila mfanyakazi mwenye mtoto, mjukuu au mpwa nyumbani alete vyombo ambavyo mtoto huyo hulia chakula. Tukacheka, tukaona ni ukorofi wake wa mwisho, tukakubali.

Jumatatu meza ndefu ya maabara iligeuka bwawa. Mabata kila upande. Dereva alileta bakuli, mhasibu alileta, wapimaji wenyewe walileta, na wote walikuwa na maelezo yale yale: tulinunua kwa sababu lina namba yako, Mama. Katika mji mzima, wateja waaminifu wa Mjomba kuliko wote tulikuwa sisi. Mtu wa ghala, ambaye mchana anapokea vitu vibaya na jioni anakwenda kununua vile vile, aliketi chini. Kuna bata waliokuwa hawana mdomo, kuna wasio na bawa, na kila mmoja wetu alijua kilichobanduka kimekwenda tumboni mwa nani.

Bibi Kwangua hakumfokea mtu. Alipita bakuli kwa bakuli akiuliza mtoto ana umri gani, na kumwambia mwenye bakuli aende hospitali leo, asingoje kesho. Wengine tulitamani afoke.

Karibu na saa nne akaingia mke wa Mkurugenzi, aliyekuwa amesikia habari kwa dereva. Mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko mabakuli mawili, maana kwao kuna mapacha. Mkurugenzi alikuwa anapita koridoni kuelekea mkutano wa kamati.

"Baba Pacha," mkewe alimwita mbele yetu sote, "hebu njoo unionyeshe hawa bata wamekwenda wapi."

Mmoja alibaki miguu tu.

Amri ya kuondoa mabakuli, iliyokuwa ikingoja uhakiki wa mhakiki, ilisainiwa kabla chai ya Mkurugenzi haijapoa. Jioni redio ilitangaza, ikataja na namba saba, kwa sababu Bibi Kwangua alisimama nyuma ya aliyeandika tangazo mpaka ikaandikwa. Ufunguo wa stoo ya Mjomba uliporudi, ulirudi pamoja na polisi. Tangu wiki hiyo sampuli tunazinunua wenyewe, madukani, tukiwa tumevaa kama watu wanaokwenda kununua sabuni. Mkurugenzi ameuita huo mkakati wake mpya. Ameisoma rasimu hii akaomba tuondoe aya mbili. Tumeondoa moja.

Mjukuu alipimwa damu tena wiki iliyopita, na risasi imepungua. Daktari amesema aendelee kurudi. Alichokwisha kukichukua yule bata hakuna anayeweza kukipima, hata sisi na mashine zetu. Bibi Kwangua hapendi tuliseme hilo kwa sauti ya kufariji, kwa hiyo tumelisema lilivyo.

Ratiba ya leo inaonyesha kwamba mstaafu ataketi meza kuu kuanzia saa sita. Wakati tunaisoma hotuba hii kiti hicho ni kitupu. Asubuhi alipata habari kwamba kuna duka moja karibu na stendi ambalo bado lina mabata rafu nzima, na mwenye duka amesema hasikilizi redio. Akachukua gari lililoandaliwa kumleta ukumbini kwa heshima, na dereva wake, na maua yaliyofungwa mbele, akaenda. Dereva amepiga simu mara moja, kuuliza kama gari lina nafasi ya makatoni. Tunaomba radhi kwa mgeni rasmi, na chakula kitafunikwa.

Mama, asante kwa miaka yako, kwa ukali wako, na kwa kutukataza kukuamini kwa kufumba macho. Tunakuombea siku ndefu zenye utulivu, afya ya mjukuu, na majirani wavumilivu. Yule mwenye duka naye tunamtakia kila la heri. Atalihitaji.