Sweta la Bi Badria na Seva Zilizopimwa Mara Mbili

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi Badria Abubakary, mkuu wa chumba chetu cha seva, anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba. Miaka yote hiyo amekuja kazini akiwa na sweta mkononi, katika mji ambao watu huanza kutafuta kivuli tangu asubuhi. Wageni walidhani anaumwa. Sisi tulijua anaelekea kwenye chumba chenye baridi kuliko vyote Kariakoo.

Alizaliwa Ilala, akasomea uhandisi wa umeme, na alipoajiriwa hapa Mtaa wa Sikukuu kampuni ilikuwa na kompyuta chache na feni moja ya kusimama. Feni hiyo ilipuliza mashine kwanza, wafanyakazi baadaye. Leo hesabu za stoo na mauzo za maduka mengi ya jumla ya mitaa hii zimo ndani ya mashine zake. Mfumo ukikwama, mwenye duka hapigi simu, anapanda ngazi mwenyewe. Bi Badria humkaribisha, humuuliza habari za nyumbani mpaka hasira zimpungue, kisha humtatulia shida yake. Mafundi karibu wote tuliopo ametufundisha yeye, na alikuwa mkali. Ukimpelekea namba bila kueleza umeipataje, anakurudishia papo hapo.

Ukali huo ndio uliotuokoa mwaka juzi. Jengo lilikuwa limefika mwisho wa umeme wake, na mwenye nyumba alishasema wazi kwamba tukizidisha tutahama. Kuhama maana yake ni kuwaacha wale wateja wanaopanda ngazi, na sidhani kama tungewapata tena. Ikabidi mashine kuukuu zitolewe, tununue seva za bledi, zile nyembamba zinazochomekwa nyingi kwenye sanduku moja na kugawana umeme na feni. Kampuni mbili zikaleta masanduku yao, moja la bluu, jingine la kijivu. Tukayapa kazi ileile ya siku nzima ya mauzo, tukasoma mita. La bluu likatumia umeme pungufu, ingawa kwa tofauti ndogo. Mkurugenzi wetu, Bwana Tarsis, akaafiki, na Bwana Bryson, muuzaji wa la bluu, akatupeleka sote kula biriani.

Asubuhi ya kutia saini, Bi Badria aliomba ripoti irudishwe. Ripoti yenyewe alikuwa ameiandika yeye.

"Bi Badria, hili si tulishalimaliza?" akauliza Bwana Tarsis, kalamu mkononi.

"Hatujalimaliza, bosi. Hatukupima mashine. Tulipima ukarimu wetu."

Akaeleza. Bwana Bryson alifika wa kwanza, na kama tunavyomfanyia mgeni yeyote, tukampa mahali penye ubaridi, mbele kabisa ya kiyoyozi. Wauzaji wa la kijivu walikuja baada ya swala ya Ijumaa, nafasi nzuri imeshachukuliwa, tukawabana kwenye ukuta unaopigwa na jua. Huko feni za sanduku lao zilikimbia kutwa nzima kupambana na joto, na feni nazo zinakula umeme. Aliyewapangia mahali ni Bi Badria mwenyewe, na hilo alilisema kabla hajaulizwa. Nilimwonea fahari sana. Ile biriani niliionea aibu.

Masanduku yakabadilishana nafasi, kipimo kikarudiwa. La kijivu likashinda, tena kwa mbali kuliko la bluu lilivyoshinda mwanzo. La bluu lingetuvusha kikomo cha umeme wa jengo kabla msimu wa joto haujaisha. Bi Badria hakumtumia Bwana Bryson ujumbe wa simu. Alitembea kwa miguu hadi ofisini kwake, karibu na Mnazi Mmoja, akamweleza uso kwa uso. Bwana Bryson alinuna kwa muda. Siku hizi huja kumwomba ampimie mashine kabla hajazipeleka kwa wateja, na biriani anaileta yeye mpaka hapa.

Sisi bado tupo Mtaa wa Sikukuu. Mwenye nyumba ametuongezea mkataba, na wateja wanaendelea kupanda ngazi wakihema na kulalamika kama kawaida.

Bi Badria, tunakushukuru kwa yote, hata kwa namba ulizoturudishia. Kamati ya hafla ilitaka kiti chako cha heshima kiwekwe mbele ya kiyoyozi, mahali pa mgeni. Mafundi wako tukakataa. Kiti chako kipo barazani, kwenye joto lote la Kariakoo, na sweta tunaomba utuachie, maana anayerithi kazi yako atalihitaji. Umekaa kwenye baridi kwa ajili yetu miaka yote hii. Nenda salama, ukapate joto.