Chupa ya Natanaeli

NASURU: Haloo? Nani mwenzangu?

KAMPIRE: Haloo, Hajji. Ni Kampire, wa kambi ya Nakivale. Muke ya Natanaeli.

NASURU: Natanaeli wa kwaya! Hajambo yule ba—

KAMPIRE: Tunamuzika leo. Saa nane.

NASURU: Inna lillahi… Pole, mama. Pole sana.

KAMPIRE: Hajji, ile dawa ya kusukutua mudomo ulimuuzia, iko hapo dukani?

NASURU: Ile ya fizi? Ipo. Lakini mama, siku ya leo—

KAMPIRE: Nisomee. Yetu karatasi ilibanduka.

NASURU: Ngoja miwani… Klorheksidini. Inaua vijidudu, fizi zisitoe damu. Ukiitumia siku nyingi meno yanashika rangi ya kahawia, lakini yana—

KAMPIRE: Bazee ba kanisa balisema ni tumbaku.

NASURU: Tumbaku! Watu hawa! Haya, mentholi. Ya kuleta harufu nzuri, na ubaridi.

KAMPIRE: Balisema anafunika kitu na pipi. Endelea.

NASURU: Floridi, inakaza meno. Gliserini, utamu kidogo. Rangi… (mkwaruzo wa simu)

KAMPIRE: Umeruka moja.

NASURU: Ni network, mama.

KAMPIRE: Umeruka, Hajji.

NASURU: … Alkoholi. Lakini kidogo! Ya kuyeyushia mafuta ya minti. Tena mtu anatema, hamezi—

KAMPIRE: Pombe.

NASURU: Si ya kunywa!

KAMPIRE: Balimunusa mu ibada, bakamutoa mu kwaya. Akaapa mbele ya kanisa yote kwamba pombe haijagusa mudomo wake. Miezi saba hakuna mutu alimupa mukono. Na leo habamuombei. Mulevi, tena muongo, amekufa bila kutubu.

NASURU: Ya Allah.

KAMPIRE: Wakati ananunua, alikuuliza kama iko na pombe?

NASURU: Aliuliza. Ile isiyo na alkoholi ilikuwa imeisha.

KAMPIRE: Ukamuambia nini?

NASURU: Nikamwambia haina. Mama, shavu limevimba, ametoka mbali, ningemrudisha mikono mitupu?

KAMPIRE: Asante. Mchungaji Appolinaire ameketi hapa karibu yangu. Namupa simu. Muambie hivyo hivyo.

NASURU: Sasa hivi? Duka limejaa! Wenzangu wa msikitini wako hapa. Wakisikia mimi nauza—

KAMPIRE: Maneno mbili tu, Hajji. Halafu batamuimbia.

NASURU: Haloo? Haloo? Mama, sauti inapotea—

KAMPIRE: Nakusikia muzuri. Nasikia hata redio yako.

NASURU: Haloo…

KAMPIRE: Hajji? (simu inakatika) Hapana, Mchungaji, uniti za simu ziko mingi. Ni yeye amekata.