Masikio ya Moto

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya duka la kinyozi, na birika la kahawa ambalo kila mtu hudai ni zamu ya mwenzake kulijaza. Asubuhi ile Fundi Cherehani alikuja amenuna. Kitambaa cha mteja kilikuwa kimekatwakatwa kwa mkasi, na nyumbani anakoshonea ana watoto wawili. Aliwasimamisha, akawawekea mkono kifuani mmoja mmoja. Kaka mtu, wa miaka sita, alikuwa ametulia tuli. Mdogo wake wa kike, wa miaka minne, moyo ulikuwa unakwenda mbio na viganja vimelowa. Basi akamfukuza kutoka chini ya meza ya cherehani, mahali anaposhinda akichezea vitambaa. Tangu hapo mtoto hali wala hasemi, na Fundi alikuja ili tumwambie amefanya sawa.

— Umefanya sawa, akasema Kinyozi. Dalili ya mvua ni mawingu. Kiganja kikilowa, kesi imekwisha.

— Miaka minne, ndugu yangu, nikamwambia. Anajua kosa ni nini yule?

— Anajua sana. Mimi nashika vichwa vya watoto kutwa. Mwenye kosa masikio yanachemka, unaweza kupigia pasi.

— Masikio yanadanganya, akadakia Fundi Redio. Kosa ni umeme. Linaanzia tumboni, linatokea kwenye jasho. Mleteni ashike nyaya za kipimo changu. Mshale ukiruka, ni yeye.

— Usiporuka? nikauliza.

— Basi ni betri.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akaongeza Kinyozi, na kwa kuwa kesi ilikuwa ya kitambaa akajiona kamaliza.

Fundi Cherehani hakucheka.

— Yule wa kiume alinitazama usoni, akasema. Hata kope hakupepesa.

— Umeona? akasema Kinyozi. Huyo safi.

— Au kazoea, nikasema, lakini hakuna aliyenisikiliza.

Pembeni ya benchi alikaa mama mmoja mgeni, kampakata mwanawe, wakisubiri zamu ya kunyoa. Kinyozi akawasha mashine kuijaribu. Mtoto akamng'ang'ania mama yake shingoni. Mama akampapasa sikio, akakifungua kiganja chake kidogo, akakitazama.

— Samahanini, kaka zangu. Huyu wangu masikio yana moto, kiganja kimelowa, moyo unamgonga mpaka nausikia kifuani mwangu. Yeye kakata nini?

Kinyozi akazima mashine. Fundi Redio akafunua birika, akachungulia ndani muda mrefu, na sote tulijua halina kitu. Mimi roho iliniuma kwa yule binti wa miaka minne.

Fundi Cherehani akasimama, kahawa yake hajaigusa.

— Nikimwita arudi chini ya meza, akauliza, atakuja?

Akashika njia ya kwao.