Jaketi Lililompeleka Mazengo Hospitali

Asubuhi ile ya Julai upepo ulikuwa ukilivuruga vumbi la Majengo na kulimwaga mpaka kwenye vikombe vya kahawa. Kwenye benchi la waendesha bodaboda, nyuma ya maduka ya nafaka, Wambura alikuwa hajagusa kahawa yake. Jana yake mwenzao Mazengo alirudi kutoka kupeleka vibarua kwenye mashamba ya zabibu ya Makutupora, akashuka kwenye pikipiki anatetemeka, akaanguka mbele ya benchi hilohilo. Walimvua jaketi apate hewa, wakampakia kwenye bajaji, akakimbizwa hospitali. Jaketi lenyewe lilikuwa la manyoya ya bata, limevimba kama godoro. Wambura aliachiwa na mgeni aliyempandisha mlima, enzi zake za upagazi Kilimanjaro, naye akampa Mazengo. Sasa Wambura alikaa akisikia likisemwa vibaya.

— Lile jaketi ndilo lililomlaza, alisema Iddy, ambaye kijiweni anaitwa Tanuri. Bata akichinjwa, baridi yake yote inabaki kwenye manyoya.

— Jaketi halina kosa, alijibu Wambura. Mimi nilimwambia: ndani fulana nyepesi inayokauka upesi, juu yake sweta moja, halafu jaketi, na nje koti pana la kuzuia upepo. Basi. Wewe ukamwambia nini?

— Aongeze. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga juu ya kinga, mtu anawaka.

— Hivyo ni vinga vya kuni, Tanuri.

— Na kuni zinatoa nini kama si joto?

Abubakari, muuza kahawa kutoka Kondoa, alicheka kidogo. Alipoona uso wa Wambura, akaacha.

— Masweta matatu, Wambura aliendelea. Juu yake jaketi, juu ya jaketi koti la mvua lililombana mpaka manyoya yakalala kama chapati. Manyoya yanatunza joto yakiwa yamevimba. Ukiyabana, umevaa karatasi.

— Mnazunguka mbuyu, alisema Charles, jina la kijiweni Kamati, mtu asiyekubali jambo liishe kabla hajalitolea uamuzi. Mazengo alivaa kinyumenyume, zipu mgongoni. Damu nayo ikageuka.

— Dereva gani hapa havai kinyumenyume? aliuliza Iddy. Si tunakinga kifua?

— Ndiyo maana mji mzima unakohoa, alijibu Charles.

Jana Wambura alikuwa ameshika kichwa cha Mazengo, na midomo ya yule mtu ilikuwa na rangi ya majivu.

— Kule mchangani Mazengo alisukuma pikipiki na mizigo ya watu, alisema Wambura. Hakuvua hata kimoja. Akalowa jasho, manyoya yakalowa, yakagandana. Halafu akarudi na upepo. Mlimani ukipanda unavua, ukisimama unavaa. Nilimweleza hapa, mbele yenu. Mkamcheka, mkasema mwanamume havuivui nguo njiani.

— Mchumia juani hulia kivulini, alisema Iddy. Alichuma jasho, kalipwa baridi.

— Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, aliongeza Charles.

— Kifua ndicho kinamuuma, Kamati. Guu limetoka wapi? alisema Wambura.

Iddy akaweka kikombe chini.

— Niseme ukweli? Mgeni haachi kitu kizima. Yule alikuachia maradhi yake humo ndani, na wewe ulijua. Ndiyo maana hukulivaa mwenyewe. Ukamtwika Mazengo.

Wambura alikuwa ameshamkaba ukosi. Abubakari aliliondoa birika lake. Charles alisema watu waketi, hakuna aliyeketi.

— Mbukwenyi, ilisalimu sauti ya kike nyuma yao.

Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye khanga mbili mabegani, macho yamevimba kwa kukesha. Hawakuwahi kumwona.

— Hapa ndipo kijiwe cha Mazengo? Mimi ni Devota, mke wake.

Wambura alimwachia Iddy.

— Anaendeleaje, shemeji?

— Anapumua. Lakini kalazwa karibu na dirisha bovu, anatetemeka. Tangu alfajiri anaulizia jaketi lake. Nimekuja kulichukua. Liko wapi?

Charles alitazama benchi. Abubakari aliinama, akachungulia chini yake. Iddy, aliyefungua zipu kwa mkono wake, aliinuka akatazama nyuma ya benchi. Wambura alikumbuka jaketi likitupwa benchini, bajaji ikiondoka, na wote wakibaki wamesimama barabarani wakilumbana nani alimshauri nini.

— Lilikuwa hapa, alisema Charles.

— Sasa liko wapi?

Wambura akavua koti lake, akavua na sweta, akabaki na fulana. Upepo ukampiga.

— Avae sweta ndani, shemeji, koti juu. Nitakupeleka sasa hivi.

Devota alizipokea zile nguo, akazikumbatia. Hakuisogelea pikipiki. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, anasubiri jibu.